Njia ya Iten–Kabarnet Haipimwi kwa Kilomita

Mhariri,

Kila kiangazi kinapoingia, kuanzia Desemba, wapanda baiskeli kutoka Nairobi, Nakuru na hata Mombasa huja Iten kuteremkia Bonde la Kerio hadi Kabarnet. Magazeti nayo huieleza njia hiyo kwa mstari mmoja: kilomita 50 na ushei, lami, mandhari ya kupendeza. Ni kweli, ila maelezo hayo hayamtoshi msomaji anayetaka kwenda. Naomba gazeti lako, litakapochapisha njia yoyote ya milimani, liandike kimo kando ya umbali. Kwenye bonde hili kimo ndicho kinachomaliza miguu, na ndicho kinachochoma breki.

Iten iko karibu mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Daraja la Chebloch, pale barabara inapovuka mto Kerio juu ya korongo jembamba la mawe, liko karibu mita 1,100. Kabarnet, ng'ambo ya pili kwenye vilima vya Tugen, iko karibu mita 2,000. Anayekwenda tu hupanda mita 900 hivi. Anayekwenda na kurudi siku hiyo hiyo hupanda zaidi ya mita 2,000, na zile 1,300 za kurudi Iten humngoja mwishoni, nguvu zikiwa zimekwisha. Mtu mwenye mazoezi ya kawaida hupanda mita 500 hadi 600 za kimo kwa saa. Kwa hiyo kutoka darajani hadi Iten ni zaidi ya saa mbili bila kupumzika, na hewa inazidi kuwa nyepesi kadiri anavyopanda: pale juu ina oksijeni pungufu kwa karibu robo kuliko Mombasa. Ndiyo maana anayeianza nusu ya chini kwa kasi huishiwa pumzi akifika Tambach, mji ulio njiani kabla ya Iten, hata kama miguu bado inataka.

Wengi huogopa kupanda. Mimi nasema hatari kubwa iko kwenye kuteremka. Mtu na baiskeli yake wakiwa na jumla ya kilo 80, wakishuka mita 1,300, nishati inayotoka ni kama kilojuli 1,000, yaani ya kutosha kuchemsha lita 3 za maji. Anayeachia mwendo huipa upepo sehemu kubwa ya nishati hiyo. Anayeteremka kwa woga, vidole vimebana breki muda wote kwa kilomita 15 kwa saa, karibu yote huipeleka kwenye rimu au diski. Hapo ndipo tyubu hupasuka ghafla, gundi ya kiraka hulainika na kiraka kikabanduka, na rimu za kaboni huvimba kingo. Kwenye breki za diski zenye mafuta ya zamani yaliyofyonza maji, mafuta huchemka na mkono wa breki hufika hadi usukanini bila kushika chochote.

Namna ya kushuka ni hii. Kwenye sehemu iliyonyooka acha baiskeli itembee, inua kifua upepo ukipige, maana mwili ni breki isiyopata moto. Ukikaribia kona, bana breki zote mbili kwa nguvu na kwa muda mfupi, kisha achia kabla hujainamisha baiskeli. Anayebana breki ya mbele katikati ya kona, juu ya kokoto zilizosukumwa na magari hadi upande wa ndani, huanguka kabla hajajua kilichotokea. Kila kilomita 5 au 6 simama mahali pana na ngoja dakika chache. Rimu ya alumini iguse kwa haraka tu. Diski usiiguse kabisa, inaunguza. Usifuate nyuma ya lori linalonuka breki. Kwenye vituo vya biashara tarajia matuta, mengi hayana rangi wala kibao.

Raba za breki zikaguliwe kabla ya kutoka nyumbani, si pale Iten. Mfereji wa raba ukiwa umefutika, raba imekwisha. Zikiwa bado nene, chokoa vipande vya mawe na alumini vilivyojichomeka ndani, kwa sababu hivyo hula rimu kama tupa. Baiskeli ya Black Mamba ni imara kwa kubeba maziwa na magunia, lakini breki zake za fito za chuma hazikuundwa kwa mteremko mrefu namna hii, na rimu ya chuma ikilowa haishiki. Anayeitumia ashuke kwa gari.

Kuhusu gia, sproketi (gurudumu la meno linalobeba mnyororo) ya mbele yenye meno 34 na ya nyuma yenye meno 32 ndiyo ninayoiona ya chini kabisa kwa mtu asiye wa mashindano. Kwa gia hiyo kila mzunguko wa pedali husogeza baiskeli mita 2.2 hivi, na mizunguko 70 kwa dakika hutoa kilomita 9 kwa saa, mwendo unaofaa kwa mwinuko huu. Ukija na 39 mbele na 25 nyuma, mwendo ule ule utakudai mizunguko isiyozidi 46 kwa dakika, kila mmoja ukiusukuma kwa uzito wa mwili mzima. Magoti hulalamika siku ya pili.

Jambo ambalo sijaliona likiandikwa ni jua. Ukingo wa Elgeyo, wenye Iten juu yake, unatazama mashariki. Upande wa Tugen unaopandwa kwenda Kabarnet unatazama magharibi. Asubuhi jua huchelewa kuufikia ule wa Tugen. Jioni jua huwahi kukingwa na ukingo wa Iten, na mwinuko wa kurudi Iten huingia kivulini. Ratiba ifuate hilo. Ondoka Iten saa 12:30 asubuhi, kukishapambazuka. Utashuka jua likikuchoma machoni, na dereva aliye nyuma yako naye haioni vizuri lami, kwa hiyo vaa rangi ya kung'aa na washa taa ya nyuma. Saa 1:45 uwe darajani, kabla ya saa 4 uwe Kabarnet. Bonde lina joto la nyuzi 8 au zaidi kuliko Iten, hivyo saa 5 hadi saa 9 si wakati wa kuwa huko chini. Mwenye miguu ya haraka apumzike Kabarnet, avuke daraja kabla ya saa 10 na apande Iten kivuli kikitanda. Mwenye miguu kama ya wengi wetu alale Kabarnet na arudi kesho yake alfajiri. Sioni aibu yoyote katika kuigawa njia hii siku mbili.

Maji ni nusu lita hadi lita moja kwa saa, pamoja na chumvi kidogo. Chupa mbili za mililita 750 zinatosha mradi uzijaze Biretwo, kituo cha biashara kilicho chini ya ukingo wa Iten, kabla ya kuanza mwinuko na si baada. Maji ya mto Kerio hayanyweki bila kuchemshwa, na mto una mamba, hivyo pumzika juu darajani. Maembe na asali ya kando ya barabara ni chakula kizuri cha safari kuliko biskuti zilizoyeyukia mfukoni.

Sakafu ya bonde imejaa migunga. Mwiba wake hupenya tairi nyembamba na mara nyingi hukatikia ndani, kwa hiyo kabla ya kuweka tyubu mpya pitisha kitambaa ndani ya tairi nzima hadi kinase, kisha uchomoe mwiba kwa koleo. Asiyefanya hivyo hutoboa tyubu ya pili baada ya mita mia. Beba tyubu mbili, viraka na pampu. Tairi za milimita 28 zinafaa kuliko za 23.

Machi hadi Mei ratiba hii haifai. Mvua ya alasiri huleta udongo na mawe kwenye lami, na maporomoko ya kingo za bonde hili yameua watu, kama ilivyotokea Chesegon, kaskazini mwa bonde, Aprili 2020. Mwenye kutaka kuendelea kaskazini, upande wa Tot na Kolowa, aulize kwanza polisi na wenyeji. Maeneo hayo yameteswa na wizi wa mifugo, na Februari 2023 serikali ilipeleka wanajeshi katika kaunti za eneo hili, zikiwemo Elgeyo-Marakwet na Baringo.

Kwa hiyo, Mhariri, chini ya kila njia mtakayochapisha naomba ziwekwe tarakimu tano: kimo cha mwanzo, cha chini kabisa, cha juu kabisa, jumla ya mita za kupanda, na umbali kati ya sehemu za maji. Jumla ya kupanda iandikwe kwa kukadiria hadi mia iliyo karibu, kwa sababu vifaa viwili vya GPS vikipita barabara moja siku moja vinaweza kutofautiana kwa mita mia na zaidi.

Mpanda baiskeli,
Eldoret