Barua kwa mwanangu: kabla hujaipandisha mlima Kitonga hiyo Harrier

Uyole, Mbeya
Jumapili jioni

Mwanangu,

Sisi hatujambo, ila mama yako goti limeanza tena, si unajua mvua zikikaribia. Picha za gari tumeziona. Mama yako amezizungusha kwa majirani hadi simu ikazima chaji. Mimi nilikaa kimya siku ile ukadhani sijafurahi. Nilifurahi. Ila macho yangu yalikuwa kwenye sakafu, chini ya injini. Pana doa pale.

Naandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu nikianza tu unasema "sawa baba, sawa baba", na hiyo sawa yako naijua. Kijana wa dukani ataipiga picha barua hii akutumie.

Lile doa ni la nini? Kama ni maji ya AC hayana rangi, achana nayo. Kama yana wekundu au upinki, na ukiyapekecha kwa vidole yanateleza, hiyo ni kulanti, maji ya kupozea injini, na fundi asikuambie ni kitu kidogo. Harrier ya cc 2360 ina injini ya 2AZ, na ugonjwa wake unajulikana. Bloku, yaani kiwiliwili cha injini, ni ya aluminiamu. Bolti zinazoibana silinda hedi, kile kichwa cha juu yake, hasa zile za nyuma upande wa kioo cha mbele, nyuzi zake kwenye bloku hung'oka. Hedi ikilegea maji huvujia nyuma ya injini, mahali ambapo ukifungua boneti huoni kitu. Utakachoona ni mshale wa joto kupanda. Mwambie fundi amulike tochi kule nyuma atafute ukoko wa kulanti iliyokauka. Akiukuta asikudanganye kwamba atakaza bolti. Hapo ni kushusha hedi, kuchonga nyuzi upya na kupachika bushi za chuma, na hiyo kazi ni ya hela nyingi na fundi mwenye mkono.

Yako ni ya 2005, ndizo hizo zenye bolti. Zilizofuata zilisifika zaidi kwa kunywa oili, ringi za pistoni. Wewe kagua vyote. Kila ukijaza mafuta chomoa stiki ya oili, uifute, uichovye tena, uisome. Dakika mbili.

Ulisema ina kilomita 98,000 na ni namba D. Namba inakuambia gari lilisajiliwa lini hapa kwetu, haikuambii limezunguka kiasi gani huko lilikotoka. Nimeikuza ile picha ya ndani. Raba ya pedali ya breki imelika kona ya kulia hadi imekuwa laini kama sabuni iliyotumika. Kwa kilomita 98,000 raba hailiki vile. Basi, limeshanunuliwa, sitasema zaidi. Ungeniuliza kabla, lakini sitasema zaidi.

Mama yako ameniambia habari ya mkopo wa SACCOS. Alidhani najua. Mkopo umelipa bei, haujalipa gari. Bima ndogo mimi nililipa 118,000. Bima kubwa, wakikukatia asilimia 3.5 ya thamani, gari la milioni 22 ni 770,000, na VAT juu yake. Ile leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa 2017, serikali ikaihamishia kwenye mafuta, kwa hiyo unailipa kila unaposimama sheli. Na mafuta yenyewe, ukipata kilomita nane kwa lita mjini ushukuru. Halafu bushi, shokapu, pedi za breki. Tairi usiangalie kashata, yale meno yake, peke yake. Tafuta tarakimu nne ubavuni. Ikiandikwa 2316 ujue ni wiki ya 23 ya mwaka 2016, hata kama inang'aa. Na kadi, je, umeshabadilisha jina TRA au bado unaendesha gari la mtu?

Hayo yote yanaweza kusubiri mshahara. Joto halisubiri. Ndiyo maana narudi kwenye lile doa.

Mafundi wetu wana tabia ya kung'oa themostati, kile kizibo kinachozuia maji ya rejeta hadi injini ipate moto, eti huku kuna baridi haina kazi. Ina kazi huku kwenye baridi kuliko hata huko Morogoro. Bila hiyo injini haipati moto wake, inakula mafuta bure. Muulize aliyekuuzia kama ipo. Na maji ya bomba usiweke, yanaleta kutu, kutu inaziba rejeta. Mimi niliweka ya mfereji. Themostati nilikuwa nimeitoa. Mshale ulipanda nikiwa Igawa, nina gunia thelathini, nikasema nitajikaza nifike Chimala. Sikufika Chimala. Ile pikapu niliwaambia nimeiuza kwa sababu viazi vimeshuka bei. Viazi havikuwa vimeshuka. Mwaka ule unaujua wewe kuliko mimi, wewe ndiye uliyekaa nyumbani wenzako wakienda shule.

Kwa hiyo Desemba mkija, Kitonga mpande asubuhi na mapema, kabla malori hayajajaa na jua halijakolea. Zima AC mkifika Ruaha Mbuyuni. Mshale ukivuka katikati washa hita, fungua vioo, watoto walalamike wakitaka. Ukizidi kupanda, egesha, zima, kaa. Kifuniko cha rejeta usikiguse hadi uweze kushika rejeta kwa mkono. Huku juu maji huchemka mapema, hapa Uyole nyuzi 95 hayafiki. Kinachoyatuliza ndani ya rejeta ni mgandamizo wa kile kifuniko. Raba yake ikichoka, gari zima limechoka. Nunua kipya kabla hujatoka Morogoro, ni kitu cha bei ndogo. Kurudi, mteremkoni ushushe gia hadi 2, breki usizichome.

Ukifika Iringa nipigie. Mafinga pia. Usiseme mtandao ulikuwa chini.

Mchele usibebe, ametuletea shangazi yako wa Kyela. Lete machungwa ya Matombo. Watoto waje na masweta. Jiko linavuja upande wa kuni, nimeweka bati moja, la pili nasubiri nivune maharage. Miche ya parachichi imeshika yote isipokuwa miwili, mbuzi wa jirani, tumeshaongea.

Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kununua gari bila kuuza shamba. Nimemwambia hivyo mzee wa kanisa leo, na sikumwambia habari ya pedali.

Jambo lingine. Geti letu lina upana wa futi sita na nusu. Nimesoma kwamba Harrier yako ni mita 1.845, na sidhani kama wamehesabu vioo vya pembeni. Nguzo ya kushoto nimeshaanza kuichimbua. Chukua futi, pima kutoka kioo hadi kioo, unipigie kabla ya Alhamisi, siku hiyo ndipo fundi wa kuchomelea anakuja.

Baba yako