Pumzi 20 kwa kila mgonjwa

Mhariri,

Fungua chati za wodi ya watu wazima, pitisha kidole kwenye safu ya kupumua, yaani pumzi kwa dakika. Hutakosa kukuta 20, 20, 18, 20, 20. Mzee mwenye nimonia 20, kijana aliyevunjika mguu 20, mama aliyejifungua usiku 20. Aliyelala fofofo na aliyetoka msalani akihema wanapumua sawasawa! Sisi tunaofundisha uuguzi tunajua maana yake: hakuna aliyehesabu.

Joto lina kipimajoto, presha ina mashine. Pumzi zinangoja jicho la muuguzi na dakika nzima ya subira, na dakika hiyo ndiyo inayoibiwa wodi inapofurika. Hasara yake ni kubwa. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kupoteza zaidi ya lita moja huku presha ikisomeka vizuri tu, kwa kuwa mishipa hujikaza kuishikilia. Mapigo na pumzi hupanda kwanza. Ukimwandikia 20 ya kukisia, umeizima kengele kabla haijalia.

Kwa watoto, hesabu ndiyo inayoamua dawa. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, kupumua ni kwa kasi kuanzia 60 kwa dakika kwa mtoto wa chini ya miezi 2, kuanzia 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, na kuanzia 40 kwa wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza 5. Mtoto wa miezi 8 mwenye kikohozi na pumzi 52 anatibiwa nimonia. Akiandikiwa 48, huenda akarudishwa nyumbani na ushauri wa kikohozi tu. Anayehesabu kwa sekunde 15 na kuzidisha kwa nne, akikosa pumzi moja amekosa nne. Kichanga ndiye humwumbua zaidi, maana hupumua mbio, akasita sekunde kadhaa, akaendelea.

Basi ihesabiwe hivi. Mtoto awe ametulia mikononi mwa mama, hanyonyi wala halii. Nguo ipandishwe hadi tumbo na kifua vionekane. Kifua kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu sekunde 60 kamili, na akianza kulia, ngoja atulie uanze upya. Kwa mtu mzima, ukimaliza mapigo usiuachie mkono wake: endelea kuushika huku ukitazama kifua. Usimwambie unahesabu nini, maana akijua hubadilisha mwendo wa pumzi. Kisha andika namba uliyoiona, pamoja na saa.

Ubaya wenyewe haubaki wodini. Mwanafunzi wa stashahada anayeandika ripoti ya utafiti huenda chumba cha mafaili akachota chati hizo hizo. Anapiga fomula ya ukubwa wa sampuli, uwiano 0.5, kosa linalokubalika 0.05, anapata chati 384 kama darasa zima, akadhani wingi umemwokoa. Sampuli kubwa hupunguza kosa la bahati nasibu. Kosa la mpimaji linabaki palepale, sasa likiwa na majedwali mazuri. Tena kipimo kinaweza kuwa thabiti bila kuwa kweli: wauguzi wawili walioandika 20 wamekubaliana kabisa, na wote wamekosea.

Kwa hiyo kabla ya kukusanya chochote, achukue chati 50 aone ni ngapi zina 18 au 20 tu. Zikiwa karibu zote, safu hiyo isitumike. Kama atapima mwenyewe, na kamati ya maadili na wagonjwa wameridhia, ajaribu kwa wagonjwa 20: watu wawili wahesabu dakika ileile, kila mmoja aandike bila kumwonyesha mwenzake. Tofauti ya pumzi 1 au 2 tunaivumilia. Ikizidi, warudi mazoezini.

Hojaji nazo zina 20 zao za kukisia. Mtafiti anauliza kama mtu aliugua malaria mwezi uliopita, mkalimani anasema "omusujja". Kwa Kiganda hiyo ni homa, na wengi huliita malaria kwa neno hilo hilo, kama ambavyo "homa" yetu hubeba mengi. Mgonjwa anaitikia, fomu inaandikwa malaria, na damu haikupimwa. Swali la Kiingereza litafsiriwe, kisha mtu mwingine asiyeliona la awali alirudishe Kiingereza, ndipo yalinganishwe.

Wasimamizi wa wodi wasingoje semina. Iwekwe saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde, inayoonekana kutoka kila kitanda, na wakati wa kukabidhiana zamu msimamizi achague mgonjwa mmoja, ahesabu mwenyewe, alinganishe na chati mbele ya anayeondoka.

Wakufunzi wa uuguzi,
Mbale, Uganda