RISALA YA KIKUNDI CHA WAFUATILIAJI WA HISTORIA YA RELI YA MTWARA–NACHINGWEA KWA MGENI RASMI

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa dini na wa vyama vya siasa, wazee wetu, walimu, wanafunzi, mabibi na mabwana: Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe.

Mheshimiwa, tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu, na zaidi kwa kufika. Wapo waliokubali.

Reli yetu, kwa ufupi, ilizaliwa na Mpango wa Karanga wa mwaka 1947, Waingereza walipopungukiwa mafuta ya kula baada ya vita. Treni ilianzia Mkwaya, kwenye hori la Lindi, ikafika Nachingwea mwaka 1949. Karanga zenyewe hazikuwa za kujaza mabehewa, na Januari 1951 mpango ukafutwa. Hata hivyo ujenzi uliendelea: njia ilifikishwa Mtwara, ambako bandari ilifunguliwa mwaka 1954, na tawi la Masasi likafunguliwa mwaka 1958. Lakini mzigo haukutosha, na njia haikuungana na Reli ya Kati. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa, reli zikang'olewa. Mengine tunayaacha kwa kuheshimu ratiba yako.

Mafanikio yetu ni makubwa. Tumelifuata tuta la reli kwa miguu karibu lote, ukiondoa palipolimwa, palipoota mikorosho na palipotushinda. Tumewarekodi wazee waliofanya kazi ya kulaza mataruma. Tuna fulana za kikundi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, pamoja na mafanikio hayo tunayo changamoto moja. Katibu alitaka ziwe saba. Kamati imezifuta sita ili hii isipate pa kujificha. Hatuna chumba.

Kumbukumbu zote za kikundi zinakaa nyumbani kwa mtunza hazina, chini ya kitanda. Misumari ya reli na vipande vya taruma havina shida, chuma ni chuma. Shida ni karatasi. Masika yaliyopita mchwa walipanda kwa mguu wa kitanda wakaingia kwenye sanduku la michoro. Ramani ya njia, aliyotuchorea mzee mmoja aliyekuwa mpiga bendera, ililiwa kuanzia Mtwara. Tulipoifungua imebaki upande wa Nachingwea tu, na udongo mwekundu kwenye mikunjo. Mzee huyo ameshatangulia mbele ya haki. Hakuna wa kutuchorea nyingine.

Suala hili si geni. Mgeni rasmi aliyekutangulia alisimama hapo ulipoketi akatuahidi stoo iliyokuwa wazi, "ndani ya mwezi huu". Tulimpigia makofi, tukamvika kitenge. Tulipofuatilia, tuliambiwa tulete barua. Tukaleta. Tukaambiwa barua haina muhtasari wa kikao. Tukaleta muhtasari. Siku tuliyokwenda kuchukua ufunguo tulikuta stoo imepangishwa, ndani mna magunia ya saruji. Hatumlaumu mtu, huenda alisahau kutaja mwezi wa mwaka gani. Kitenge hatukudai.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, hatuombi jengo jipya, wala jiwe la msingi, kwani mawe ya msingi hayazuii mchwa. Tunaomba chumba kimoja chenye bati lisilovuja, sakafu ya saruji, kabati mbili za chuma na mlango wenye kufuli. Rangi tutapaka wenyewe. Siku hizi reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay inazungumzwa kila mahali, na wataalamu wakija kuuliza ya kwanza ilipita wapi na ilikufa kwa nini, tungependa tusiwapeleke chumbani kwa mama wa watu.

Tunakuomba utamke chumba ni kipi na tarehe ya kukabidhiwa ufunguo. Mwenyekiti amekaa kushoto kwako na daftari la wageni. Tumechora safu ya tarehe karibu na ya sahihi.

Tunaomba kuwasilisha.