Asilimia za vita ziandikwe pamoja na swali lililoulizwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie namna vyombo vyetu vya habari vinavyoripoti maoni ya wananchi kuhusu vita, iwe ya Ukraine, ya Gaza au ya mashariki mwa Kongo. Tunapewa asilimia, basi. Swali lilikuwaje, liliulizwa lini na kwa njia gani, hatuambiwi.

Tazama Marekani kabla ya kuivamia Iraki. Januari 2003 taasisi ya utafiti wa maoni ya Pew iliwauliza Wamarekani kama wanaunga mkono hatua za kijeshi za kuuondoa utawala wa Saddam Hussein. Asilimia 68 waliunga mkono, 25 wakapinga. Swali hilohilo likaulizwa pia likiwa na nyongeza: hata kama maelfu ya askari wa Marekani watauawa au kujeruhiwa? Waliounga mkono wakashuka hadi 43, waliopinga wakapanda hadi 48. Mhariri aliyepata jibu la kwanza angeandika kwamba taifa limeridhia vita. Aliyepata la pili angeandika kwamba limegawanyika. Wote wawili wangekuwa na takwimu sahihi mkononi.

Tarehe nayo ina uzito wake. Siku chache kabla ya Septemba 11, 2001, Gallup, taasisi nyingine ya kura za maoni, ilikuta asilimia 51 ya Wamarekani wakiridhika na utendaji wa Rais George W. Bush. Kabla mwezi haujaisha, walikuwa 90. Taifa likishambuliwa watu humzunguka kiongozi wao, na hali hiyo hupoa. Kwa hiyo takwimu ya wiki ya kwanza ya vita isisomwe kama msimamo wa kudumu. Afadhali kufuatilia swali moja lisilobadilika kwa miaka, kama Gallup walivyofanya kuhusu Vietnam: waliosema kupeleka majeshi kule kulikuwa kosa walikuwa asilimia 24 Agosti 1965, 53 Agosti 1968, na 61 Mei 1971. Hapo mtu anaona mwendo.

Urusi ni kesi ngumu zaidi. Tangu Machi 2022 sheria inampa kifungo cha hadi miaka 15 anayehukumiwa kwa kueneza habari zinazoitwa za uongo kuhusu jeshi. Sasa Mrusi anapigiwa simu na mtu asiyemjua na kuulizwa kama anaunga mkono vita. Ajibu nini? Watafiti wana mbinu ya kupunguza hofu hiyo. Wahojiwa hugawanywa mafungu mawili kwa bahati nasibu. Fungu la kwanza hupewa orodha ya mambo matatu ya kawaida, la pili hupewa hayohayo pamoja na la nne, yaani vita. Kila mtu hutaja idadi tu ya mambo anayoyaunga mkono, bila kusema ni yapi. Wastani wa fungu la kwanza ukiwa 2.0 na wa la pili 2.6, tofauti ya 0.6 imeletwa na lile jambo la nne tu, maana yake asilimia 60 wanaunga mkono vita. Jaribio moja la namna hiyo, la Aprili 2022, lilipata asilimia 53, wakati swali la moja kwa moja lilitoa 68. Wahojiwa wake walipatikana mtandaoni, kwa hiyo tusiichukue 53 kuwa ndiyo hesabu ya Warusi wote. Kinachotufaa ni lile pengo la pointi 15.

Kosa linalofanyika zaidi hapa kwetu ni kuwafuta wanaosema "sijui". Mambo ya nje yako mbali na watu wengi, na "sijui" ni jibu halali. Tuseme 40 wanaunga mkono, 30 wanapinga, 30 hawajui. Ukiwaondoa hao wa mwisho, waliounga mkono wanakuwa asilimia 57, na kichwa cha habari kinasema "wengi". Wengi hao wametengenezwa na kikokotoo.

Kuhusu sampuli, yaani watu wachache wanaohojiwa kwa niaba ya wote, kuna hesabu ya haraka ya kujua matokeo yanaweza kupotoka kiasi gani: gawanya 1 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya waliohojiwa. Watu 1,200 wanatoa takriban asilimia 3 juu au chini, na 2,400 wanatoa 2. Ukiwachambua vijana 100 wa mkoa mmoja ndani ya sampuli hiyo, unakuwa na 10 juu au chini, hivyo tofauti ya pointi 6 kati ya mikoa miwili ya aina hiyo si habari. Na hesabu hii ni ya sampuli iliyochaguliwa kwa bahati nasibu. Kura za kubofya kwenye Facebook haziingii humo, hata wakibofya watu laki moja. Penye mapigano, kama Kivu, uliza pia wadadisi walifika wapi na kama waliokimbilia kambini walihojiwa.

Tusichanganye pia kura ya serikali na maoni ya raia. Machi 2, 2022, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliitaka Urusi iondoke Ukraine kwa kura 141 dhidi ya 5, nchi 35 zikijizuia. Kenya na Rwanda ziliunga mkono; Tanzania, Uganda na Burundi zilijizuia. Mkulima wa Busia hakuulizwa, wala wa Singida.

Kenya ina sheria ya mwaka 2012 inayomtaka anayechapisha kura za maoni za uchaguzi ataje, pamoja na mengine, mdhamini na idadi ya waliohojiwa. Haigusi maoni kuhusu vita, lakini gazeti lako linaweza kujiwekea kanuni hiyo lenyewe. Mistari minne chini ya habari inatosha: swali neno kwa neno na lugha lililoulizwa, tarehe za mahojiano, idadi ya wahojiwa na njia, uso kwa uso au simu, aliyelipia. Asilimia ya "sijui" ibaki kwenye jedwali. Taasisi ikikataa kukupa dodoso lake, habari hiyo isitoke.

Msomaji wako,
Morogoro