Barua kwa Hamadi kuhusu zile RX-8 mbili

Leeds, Uingereza, Jumatano usiku

Ndugu yangu Hamadi,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji, na mama mkwe mwambie mzigo wake umeshafika kwa Athmani, aache kumpigia simu alfajiri. Sisi wazima, Alhamdulillahi, ila baridi ya huku haina adabu. Nimekaa kimya tangu Idi, najua, na lawama zako nazipokea zote. Lakini picha ulizotuma jana zimenitoa usingizini. Mazda RX-8! Tena mbili! Na jibu unalitaka kabla ya Jumamosi. Basi nakuandikia, maana nikikutumia sauti utasikiliza mwanzo tu kisha utaniambia umeelewa.

Nianze na lile kubwa. Umesema litakuwa gari la kila siku, la kwendea kazini. Kutoka kwako mpaka ghalani ni maili ngapi? Tatu? Nne hazifiki. Hapo ndipo kesi yote ilipo, si kwenye rangi wala kwenye ile milango ya nyuma inayofunguka kinyume inayokutia wazimu. Injini ile ni ya rotari: haina pistoni, wala valvu za kawaida. Ina rota mbili za pembe tatu zinazozunguka ndani ya haozingi, yaani nyumba zake, jumla lita 1.3, na kinachozuia mgandamizo, yaani kompresheni, usivuje ni sili nyembamba kwenye ncha za rota na ubavuni mwake. Sili hizo zinaishi kwa utando wa oili. Injini ikiwa ya baridi, kompyuta inamwaga petroli nyingi ili injini iwake. Ukiizima kabla haijapata moto, petroli ile inabaki ndani, inaosha oili kwenye sili, plagi zinalowa, kompresheni inaanguka, na asubuhi unapiga staata mpaka betri inalia. Hiyo ndiyo wenyewe wanaiita injini kufurika. Maili tatu wakati wa baridi, asubuhi na jioni: maji yanapata moto kidogo, oili bado, unazima. Kila siku ya Mungu.

Sasa fikiria pale nyumbani kwenu, magari mawili yanaegeshwa moja nyuma ya jingine. Shemeji anataka kutoka, unatoka na kandambili, unasogeza RX-8 mita tano, unazima, unarudi ndani. Hivyo ndivyo nyingi zinavyofurika. Ukilazimika kuisogeza, iache iwake mpaka ipate moto kabisa. Ikishindikana, ipandishe hadi mizunguko 3,000 kwa dakika, iache hapo sekunde kumi hivi, kisha zima. Majirani watakuchukia, lakini itawaka kesho.

Ikifurika: kanyaga pedali ya mafuta mpaka chini, iache hapo, piga staata sekunde kama kumi. Pedali ikiwa chini kabisa injekta zinafungwa, hewa tu ndiyo inapita. Pumzisha staata, rudia. Ikigoma, toa fyuzi ya pampu ya mafuta, fungua plagi zote nne (ziko upande wa kushoto wa injini, ukivua tairi la mbele unazifikia vizuri), piga staata petroli itoke, tia oili kidogo sana kwenye matundu ili sili zishike tena, chaji betri ijae, rudisha plagi kavu. Na plagi si za aina moja! Mbili za chini na mbili za juu zina namba tofauti. Fundi asiyejua atakuwekea nne zinazofanana, kisha atakuambia gari bovu.

Haya, magari yenyewe. Ile ya kijivu ya namba 05, yaani ya mwaka 2005, ni ya nguvu za farasi 231, gia sita, inapanda hadi mizunguko 9,000 na ushee. Nyekundu ya 07, ya mwaka 2007, ni ya 192, gia tano, inaishia 7,500 hivi. Kwa kazi yako 192 inatosha na zaidi, ila angalia kodi ya barabara: zilizosajiliwa kabla ya tarehe 23 Machi 2006 zinalipa daraja la K, za baada ya hapo zinaangukia daraja la juu kabisa. Tofauti ni zaidi ya pauni mia tatu kwa mwaka, kila mwaka, kwa gari lile lile. Kwa hiyo bei nafuu ya ile nyekundu isikudanganye.

Na ule usemi wa muuzaji kwamba injini "imeshushwa na kutengenezwa upya." Na nani? Lini? Uliza risiti. Risiti iseme sili zilikuwa mpya au la, haozingi zilibadilishwa au zilifutwa vumbi tu, na iambatane na karatasi ya kompresheni baada ya kazi. Kushusha injini hii huku ni pauni elfu tatu kwenda juu kwa mtu anayejua kazi. Mtu aliyetoa fedha hizo huwa hapotezi karatasi, na wala hauzi gari kwa 1,800.

Usilipe hata pauni moja ya kushikilia kabla ya kompresheni. Tena si kwa geji ya fundi wa ile Yaris yako. Rota moja ina nyuso tatu, yaani vyumba vitatu. Geji ya pistoni inashika namba ya juu peke yake, kwa hiyo uso mmoja ukiwa umekufa, wenzake wawili wanauficha. Kipimo cha rotari kinatoa namba tatu kwa kila rota, jumla sita, pamoja na kasi ya staata, na namba zinarekebishwa ziwe za mizunguko 250 kwa dakika. Injini iwe ya moto, betri iwe na nguvu. Kwa viwango vya Mazda, nzuri ni kilo 8.5 kwa sentimita ya mraba, sawa na psi 120. Chini ya 6.9, yaani psi 98, imekwisha. Nyuso za rota moja zisipishane zaidi ya 1.5, na rota mbili zisipishane zaidi ya 1.0. Mimi 7 na nusu pande zote ningeichukua kabla ya 8.3 yenye uso mmoja wa 6.8. Ukitumiwa namba bila kasi ya staata, hujatumiwa kitu.

Kabla ya kipimo, jaribu mwenyewe. Mwambie muuzaji asiiwashe mpaka ufike. Gusa boneti. Ikiwa ya moto, muulize kwa nini, kisha rudi siku nyingine. Ikiwa ya baridi, iwake ndani ya sekunde moja au mbili. Endesha dakika ishirini, na oili ikishapata moto ivute hadi mwisho kwenye gia ya pili au ya tatu. Kuna kengele itakupigia karibu na ukomo. Ikizubaa kuanzia 4,000 kwenda juu, huenda vile vilango vinavyoongeza hewa kwenye njia ya kuingilia vimekwama kwa masizi. Inatibika, ila punguza bei. Halafu zima, ongea naye mpira dakika kumi, washa tena. Hapa ndipo uongo unapojitoa. Kompresheni ikiwa imeshuka, gari linawaka vizuri likiwa baridi na linasumbua likiwa moto. Zaidi ya sekunde tano, mshike mkono, muage. Na uliza kama staata ni ile ya asili au ameweka ya kasi. Staata ya kasi ni kitu kizuri, mimi mwenyewe ningeiweka, lakini pia inaficha injini iliyochoka.

Koili, zile zinazozipa plagi umeme. Ziko nne, na hesabu ya kawaida ni kuzibadilisha kila maili 30,000. Zikidhoofika moto wa plagi unafifia, petroli inatoka haijaungua, inaenda kuungulia ndani ya katalisti, kile kisafisha moshi cha ekzosi, katalisti inayeyuka na kuziba, joto linarudi kwenye injini na kuua sili za ubavuni. Watu wanalaumu injini, kumbe chanzo ni koili za bei ya tairi mbili. Kama hakuna rekodi, hesabu koili, nyaya na plagi kama sehemu ya bei ya gari, uzibadilishe wiki ya kwanza.

Joto. Ule mshale wa dashibodi usiuamini: ukishafika katikati unakaa hapo hapo, maji yakiwa digrii 85 au 110. Ukianza kupanda, kuchemsha kumeshatokea. Nunua kile kisomaji kidogo cha kuchomeka chini ya usukani, uone digrii zenyewe kwenye simu. Haozingi ni za alumini, bamba za pembeni ni za chuma, na moto ukizidi zinapishana kutanuka, mipira ya kuzuia maji katikati yake inakufa. Kwa hiyo tazama chupa ya maji: mapovu injini ikiwa inawaka, maji yanayopungua bila kuvuja chini, moshi mweupe wenye harufu tamu. Ukiona hivyo usijadili bei. Ondoka.

Oili inaungua kwa makusudi, usije ukanipigia simu usiku kuniambia gari linakula oili. Kuna pampu inayoidondosha ndani kulainisha sili. Pima kila ukijaza tangi mara mbili. Lita moja kwa maili elfu moja au mbili si ajabu. Badilisha kila maili 3,000 hadi 4,000, inaingia lita tatu na nusu hivi. Mimi naongeza na oili safi ya pikipiki ya tu-stroku, ile yenye alama ya JASO FD, mililita 5 kwa kila lita ya petroli, tangi zima kama 300. Wengine watakuambia haina haja. Waache.

Chini ya gari usione haya kulala: chumvi ya barabarani inakula kingo za matao ya nyuma, kizingiti cha mlango, na zaidi mabomba ya kwenda kwenye rejeta za oili huko mbele. Yakishika kutu kwenye viungo yanalowa, na siku yakikatika oili inakwisha kabla hujaona taa. Pedali ya klachi ikilia, mulika bano lake kwa tochi. Weldi yake hupasuka. Uliza kama begi la hewa la kampuni ya Takata, yale yaliyoitwa yarudishwe kwa kuwa ni hatari, lilibadilishwa. Na historia ya MOT, ule ukaguzi wa gari wa kila mwaka, unaiona bure kwenye tovuti ya serikali kwa namba ya gari tu: angalia kama imewahi kuanguka kwenye moshi, na kama maili zinapanda kwa mpangilio. Gari lililotembea maili 300 kwa mwaka mzima linanitisha kuliko lililotembea 9,000, maana hizo 300 zote zilikuwa za kusogezwa sogezwa.

Mafuta sisemi sana, utaona mwenyewe. Mjini kilomita 7 kwa lita, barabara kuu 9. Kwa ile safari yako ya maili tatu tegemea 5. Hamadi, maili tatu! Tunarudi pale pale. Gari hili linataka safari ya dakika ishirini au zaidi, lipate moto, lipandishwe hadi juu angalau mara moja masizi yatoke, ndipo lizimwe. Mtu anayetoka Bradford kwenda York kila siku atalifurahia miaka. Wewe utaliua bila kulikimbiza. Ukilitaka kweli, na najua unalitaka tangu enzi za ile picha ya Mazda 787B, gari la rotari lililoshinda mbio za Le Mans 1991, juu ya kitanda chako, basi liwe la kila siku kwa masharti: asubuhi zungukia barabara ya nje, hata kama ni kumpitia yule Saidi anayelalamika nauli, na Yaris ibaki.

Jambo jingine, ulisema ukirudi nyumbani utalipandisha meli. Mombasa halishuki: Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na hizi Ulaya ziliacha kuuzwa 2010. Dar linaingia, lakini ushuru wa uchakavu utakufanya ulie forodhani. Na plagi utaagiza wapi?

Sasa nijibu wewe. Maili ni ngapi hasa, pima kwa simu usikisie. Yaris umeshaiuza au ulikuwa unanitania? Shemeji anaijua hiyo bajeti, au nitalaumiwa mimi kama mara ile ya pikipiki? Kwenye picha ya kijivu naona doa jeusi chini ya bampa ya mbele kushoto, ni kivuli au ni oili? Mwenye nyekundu amekubali gari lipelekwe kwa fundi wa rotari, au ndiye yule anayesema ana mteja mwingine saa nane? Nitumie namba za magari yote mawili leo leo nitazame MOT zake, na kompresheni nitamwomba fundi atuwekee nafasi Jumamosi asubuhi kama utanijibu kabla ya Ijumaa adhuhuri. Utakuja kwa treni au nikufuate?

Wako,
Mbwana