Barua kwa mwanangu: kile kilima kinachotazamana na Akropoli

Mwanangu, mama yangu,

Waalaikum salaam. Barua yako nimeisoma mara tatu, ya mwisho nikiwa peke yangu barazani baada ya Isha. Sisi wazima. Mguu wa mama yako umepoa, sasa anakwenda sokoni mwenyewe.

Umeniandikia mambo mawili. La kwanza, kwamba kazini hakuna anayekuita kwa jina lako; tangu zamu inaanza hadi inakwisha wewe ni "yule Mwafrika". La pili umelitaja juu juu tu, kwamba ukitoka kituoni unaona kilima chenye kipande cha jengo jeupe juu yake, na hujui ni kitu gani. Hilo la pili nalijua, na ndilo lililonifanya nilifikirie la kwanza usiku kucha.

Kilima hicho, kinachotazamana na Akropoli, ile ngome ya kale ya Athens, nilikipanda mwaka 1988, meli yetu ilipokaa Piraeus, bandari ya mji huo, ikingoja mzigo. Lile ni kaburi la mtu aitwaye Philopappos. Kwa Kigiriki maana yake ni mpenda babu. Nilipoelezwa hivyo nilikaa kitako kwenye jiwe, maana wewe ulikuwa hujatimiza mwaka, na nilikuwa nimekupa jina la mama yangu mzazi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta habari za mtu huyu kila nilipopata kitabu.

Babu yake alikuwa Antiochus wa Nne, mfalme wa Commagene, nchi ndogo kati ya milima ya Taurus na mto Frati, ambayo leo ni kusini-mashariki mwa Uturuki. Nchi ndogo, lakini ukoo mkubwa: kwa upande wa bibi mmoja wa zamani walishuka kutoka kwa Seleucus, jemadari wa Aleksanda Mkuu. Mmoja wa wazee wao alipanga sanamu za miungu juu ya mlima Nemrut, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na yake mwenyewe akaiketisha katikati yao.

Mwaka 72 BK liwali wa Roma kule Shamu alimwandikia Kaizari Vespasian kwamba mfalme huyo anakula njama na Waparthi, mahasimu wa Roma upande wa mashariki. Mwanangu, miaka miwili tu nyuma mtoto wa mfalme, Epiphanes, alikuwa akipigana upande wa Warumi chini ya kuta za Yerusalemu. Hilo halikuhesabiwa. Jeshi likaingia. Mzee akakataa kuinua silaha, akaondoka na mkewe na binti zake. Wanawe walipigana siku nzima, lakini askari waliposikia mfalme amekwenda, wakavunjika moyo. Alikamatwa Tarso, akafungwa minyororo apelekwe Roma. Vespasian akakumbuka urafiki wa zamani, akaamuru afunguliwe, na baadaye familia yote ikakutana Roma ikiishi kwa heshima. Ila nchi hawakurudishiwa.

Philopappos alikuwa mtoto wa Epiphanes huyo. Ufalme ulipokwisha, yeye alikuwa mdogo bado. Alipokuwa mtu mzima aliishi Athens, akaandikishwa raia wa mtaa wa Besa, akashika cheo cha arkoni, yaani mmoja wa wakuu wa mji, na katika shindano moja akagharamia vikundi vya waimbaji vya makabila yote ya mji. Plutarch, mwandishi Mgiriki aliyekula naye meza moja, anamwita mfalme. Mwaka 109 akawa konsuli wa Roma, cheo cha juu sana katika dola yao. Akafariki mwaka 116 hivi.

Sasa litazame kaburi lenyewe. Chini amechongwa akiwa kwenye gari la farasi, siku ya heshima yake ya ukonsuli, watumishi wa dola wakimtangulia. Juu kulikuwa na nafasi tatu. Katikati ameketi yeye. Kushoto ukitazama, babu yake. Kulia alikuwa Seleucus, lakini sanamu hiyo haipo tena. Na majina, mama! Upande mmoja aliandikiwa kwa Kilatini vyeo vyake vya Roma. Upande wa pili, kwa Kigiriki, aliitwa mfalme, mwana wa mfalme. Na chini ya miguu yake, maneno matatu tu: Philopappos, wa Epiphanes, wa Besa. Mrumi, mfalme, na mtu wa mtaani kwenu hapo Athens, wote mmoja, na hakuna jina lililofutwa ili jingine lipate nafasi.

Hata miaka mia haijapita, Pausanias, yule mwandishi aliyezunguka Ugiriki akieleza kila hekalu, akafika pale. Aliandika kwamba ni kaburi lililojengwa kwa ajili ya Msiria mmoja. Basi. Jina lilikuwepo juu ya jiwe, hakuliandika. Niliposoma "yule Mwafrika" kwenye barua yako, ndiye niliyemkumbuka.

Wengi wanaosimulia habari zake wanasema aliyesimamia ujenzi ni dada yake, Julia Balbilla. Huyu alikuwa mshairi. Mwaka 130, mwezi Novemba, alifuatana na Kaizari Hadrian na mkewe Sabina hadi Misri, kwenye sanamu kubwa ya mawe ambayo Wagiriki waliiita Memnon, shujaa wa hadithi zao, iliyokuwa ikitoa sauti alfajiri. Mashairi yake manne yamechongwa mguuni mwa sanamu hiyo. Katika moja anawataja babu zake wote wawili, Balbillus mwenye hekima na Antiochus mfalme, kisha anasema damu yake imetoka kwao, na anamaliza kwa jina lake mwenyewe. Ugenini, kwenye jiwe la watu wengine, miaka karibu sitini tangu ufalme upotee.

Siku usiyokuwa na zamu, panda huko jioni, kupitia kwenye misonobari. Nenda na maji. Niambie kama yale maneno matatu bado yanasomeka kutoka chini.

Na jambo jingine. Nyuma ya bahasha, mahali pa mtumaji, umeweka herufi ya kwanza tu ya jina la mama yangu. Barua ijayo liandike lote.

Baba yako