Macho yangu mekundu: barua ya wazi kwa vijana wa Usukumani

Wajukuu zangu, mwangaluka.

Nawaandikia ninyi mnaokaa vijiweni jioni, maana mpiga ramli akishataja jina la anayedai ni mchawi, ninyi ndio mnaotafutwa mshike panga mkamuue. Na jina lenyewe mara nyingi ni la bibi, mjane, mwenye macho mekundu, maana watu husema macho mekundu ni alama ya uchawi.

Mimi macho yangu ni mekundu. Yamekuwa hivyo kwa moshi. Tangu nikiwa mwali napulizia moto wa samadi ya ng'ombe na miti ya pamba, kwenye jiko lisilo na dirisha. Napikia samadi kwa kuwa kuni hakuna. Na kuni zilikwenda wapi? Misitu ya Shinyanga ilifyekwa ili kuua mbung'o, ikafyekwa tena watu wapate mashamba ya pamba, hadi mwaka 1986 Serikali ikaanzisha mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, kuirudisha miti. Nionyesheni uchawi umeingilia wapi hapo.

Mtu akija kuwaambia fulani kaua mtoto, muulizeni: umejuaje? Uliona mwenyewe au umesimuliwa? Mtoto aliumwa nini, na alifikishwa zahanati siku ya ngapi? Jirani yangu alifiwa na mjukuu kwa degedege. Siku tatu walikuwa wakimfukiza majani. Degedege huja na homa kali, mara nyingi ni malaria, na dawa ya malaria ipo zahanati. Matanga hayajaisha, tayari kidole kilikuwa kimeelekezwa kwa wifi yake, mama mzee asiye na mtoto wa kiume. Shamba lake linapakana na bonde la mpunga. Basi ulizeni na hili, tena kwa sauti: akifa, nani analima pale?

Najua ni vigumu kukataa mbele ya wenzako, na pesa imewekwa mezani. Kataa hivyo hivyo. Bibi unayeonyeshwa huenda ndiye aliyekata kitovu chako. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli, lakini usiku wa manane mlangoni kwa mjane hakuna askari. Mpo ninyi.

Anayebisha kuhusu macho yangu aje jikoni kwangu jioni moja. Akae karibu na mafiga hadi ugali uive, asitoke nje. Kisha nitampa kioo.

Bibi yenu